Mezcal ya mkupuo mdogo: kuchoma, kuchachusha na kukeneka mkonge

Tuanze na jina. Mezcal, pombe kali inayokenekwa kwa mkonge, inalindwa kisheria tangu 1994 na ni ya Meksiko pekee. Ukipika mkonge wa huku Kenya kwa njia ya Oaxaca, jimbo la Meksiko, unapata pombe ya mkonge, na lebo iseme hivyo. Leseni chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 hutangulia moto; alama ya KEBS (shirika la viwango) na stempu ya ushuru ya KRA (mamlaka ya kodi) hutangulia kuuza. Bila leseni usiwashe mtambo.

Mkonge wa katani (Agave sisalana) una saponini nyingi, kemikali za mmea zinazofanya kama sabuni, kwa hiyo hutoa povu jingi na uchungu. Afadhali Agave americana, ule wa majani mapana ya kijivu unaopandwa kwenye ua. Mlingoti wa maua ukianza kuchomoza, ukate, uache mmea miezi kadhaa usimame hivyo ili sukari ibaki moyoni, yaani kwenye shina nene la katikati, badala ya kwenda kwenye maua. Vaa glavu ndefu unapochonga majani, maana utomvu wake huwasha vibaya.

Kazi yenyewe iko shimoni. Moyo mbichi hauna sukari ya kutosha kuilisha chachu. Una inulini, sukari iliyofungamana ambayo chachu haiiwezi, na ni joto la siku nyingi linaloigeuza kuwa fruktosi, sukari ya matunda. Kwa kilo 300 za mioyo, chimba shimo la upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1.2. Washa kuni ngumu kama mgunga, kamwe si msonobari, kwani utomvu wake huacha ladha ya lami. Panga mawe meusi magumu juu ya moto. Yale laini ya kujengea hunyonya maji na kupasuka kama risasi. Subiri mawe yawe mekundu na moshi uishe kabisa, kisha tandaza makapi mabichi ya mkonge, halafu mioyo iliyopasuliwa nusu, halafu magunia ya katani yaliyoloweshwa, na mwisho udongo. Panapofuka moshi, ziba mara moja: hewa ikiingia, mioyo inaungua. Fukua baada ya siku 3 hadi 5. Kipande kilichoiva ni cha kahawia, chanyumbuka, chanata vidoleni na utamu wake ni wa sukari guru. Cheupe katikati hakijaiva, kirudishe. Cheusi kikatwe kitupwe, hata ukiona uchungu wa hasara, kwa sababu ladha ya makaa haitoki tena.

Ponda kwa kinu au mchi mzito, utie yote, nyuzi na juisi, kwenye pipa la mbao. Ongeza maji ya vuguvugu, nyuzijoto 35 hivi, hadi refraktometa (kifaa cha kupima sukari) isome briksi 10 hadi 14. Chachu ya hewani inatosha, ila Julai usiku wa Nairobi huizubaisha, basi funika pipa kwa magunia. Siku 4 hadi 10. Utasikia mchemko wake ukipungua. Nyuzi zikizama na utamu ukiisha, keneka siku hiyohiyo, yaani chemsha na upoze mvuke uwe pombe. Ukichelewa inageuka siki.

Mtambo uwe wa shaba nyekundu. Rejeta ya gari ya kupozea mvuke na lehemu yenye madini ya risasi ni sumu. Mkatalie fundi hata akikupunguzia bei. Jaza robo tatu tu, koroga nyuzi zisigande chini. Kukeneka mara ya kwanza hutoa kimiminika chenye alkoholi asilimia 20 hadi 25. Kikenekwe mara ya pili kwa moto mdogo, pombe itoke uzi mwembamba. Kwa lita 60 za kimiminika hicho, lita moja ya mwanzo yenye harufu ya gundi ni kichwa: itenge. Hufuata moyo wa pombe, sehemu unayoiweka. Karibu na asilimia 40 huanza mkia, unaonukia karatasi iliyolowa. Nao urudishe kwenye mkupuo ujao. Tarajia lita 20 hivi za moyo.

Kupima nguvu, mimina pombe kutoka kata moja ya kibuyu hadi nyingine. Kati ya asilimia 45 na 55 shanga za mapovu hukaa ukingoni zikizunguka. Zikipasuka papo hapo, nguvu imezidi au imepungua. Hakikisha kwa haidrometa, kwani sabuni nayo hutoa shanga.

Shanga haziisemi methanoli, alkoholi yenye sumu. Kutenga kichwa hakuiondoi yote, kwa sababu huendelea kutoka hadi mkiani. Kanuni ya Meksiko inaruhusu miligramu 30 hadi 300 kwa mililita 100 za alkoholi kavu, yaani isiyo na maji. Chupa moja ya kila mkupuo iende maabara, na zilizobaki zikae kwenye kioo, zimefungwa, mpaka majibu yarudi.