Open Liberty kwa anayeanza: huduma ndogo ya Java, kuanzia pom.xml hadi kontena

Open Liberty ni seva ya Java ambayo IBM iliifungulia msimbo wake mwaka 2017. Wepesi wake unatokana na jambo moja: seva hupakia vipengele (features) ulivyoviorodhesha kwenye server.xml, pamoja na vile ambavyo vyenyewe vinavitegemea, basi. Ishike vizuri orodha hiyo. Makosa mengi ya mwanzoni huzaliwa pale inapopishana na tegemezi (maktaba ambazo msimbo wako unazihitaji) za pom.xml, faili la mipangilio la Maven, chombo cha kujenga miradi ya Java.

Andaa JDK 17 (zana za kuandikia programu za Java) na Maven 3.8.6 au toleo la baadaye. Seva yenyewe usiipakue, Maven itaileta.

Hatua ya 1: pom.xml

Weka `<packaging>war</packaging>`, `<finalName>salamu</finalName>` ndani ya `<build>`, na `maven.compiler.release` iwe 17. Tegemezi ni mbili:

```xml
<dependency>
  <groupId>jakarta.platform</groupId>
  <artifactId>jakarta.jakartaee-api</artifactId>
  <version>10.0.0</version>
  <scope>provided</scope>
</dependency>
<dependency>
  <groupId>org.eclipse.microprofile</groupId>
  <artifactId>microprofile</artifactId>
  <version>6.1</version>
  <type>pom</type>
  <scope>provided</scope>
</dependency>
```

Neno `provided` lina uzito. Linamwambia Maven akompaili kwa kutumia API hizi bila kuziingiza kwenye WAR (faili moja lililofungasha programu yako), kwa kuwa seva ndiyo inayoleta utekelezaji wake. Ukilisahau, WAR inavimba bure, na siku kipengele kikikosekana kwenye seva, klasi zitapatikana ndani ya WAR bila wa kuzitekeleza: seva inawaka, huduma haijibu.

Ongeza programu-jalizi mbili: `io.openliberty.tools:liberty-maven-plugin` toleo 3.10.3, na `maven-war-plugin` toleo 3.4.0. Hii ya pili itaje toleo lake waziwazi. Toleo la zamani la 2.2 hudai web.xml, na kwenye Java 17 hukwama kwa ujumbe "Cannot access defaults field of Properties".

Hatua ya 2: server.xml

Faili hili hukaa `src/main/liberty/config/server.xml`. Hapa tusiende haraka.

```xml
<server description="salamu">
  <featureManager>
    <feature>restfulWS-3.1</feature>
    <feature>jsonb-3.0</feature>
    <feature>mpHealth-4.0</feature>
  </featureManager>
  <httpEndpoint id="defaultHttpEndpoint" host="*"
                httpPort="9080" httpsPort="9443"/>
  <webApplication location="salamu.war" contextRoot="/"/>
</server>
```

Namba baada ya kistari ni toleo la kipengele, na matoleo lazima yawe ya kizazi kimoja. `restfulWS-3.1` na `jsonb-3.0` ni za Jakarta EE 10, mkusanyiko wa viwango vya Java kwa programu za seva. Ukichomeka `jaxrs-2.1` uliyoikuta kwenye mfano wa zamani, utapata CWWKF0033E au CWWKF0044E: vipengele haviwezi kupakiwa pamoja. Dawa ni kupandisha kile cha zamani. CWWKF0001E ni tatizo jingine: kipengele hakipo, mara nyingi kwa sababu jina au namba imekosewa.

`host="*"` usiiache. Bila hiyo seva husikiliza localhost (kompyuta hiyohiyo) peke yake. Kwenye kompyuta yako kila kitu kitaonekana sawa, kisha kompyuta nyingine haitaweza kuifikia. Nayo `location` lazima ilingane na finalName, la sivyo logi itaonyesha CWWKZ0014W: programu haikupatikana ilipotajwa.

Hatua ya 3: msimbo

Klasi mbili, kila moja katika faili lake:

```java
@ApplicationPath("/api")
public class Mwanzo extends Application {}

@Path("/salamu")
public class Salamu {
    @GET
    @Produces(MediaType.APPLICATION_JSON)
    public Map<String, String> toa() {
        return Map.of("ujumbe", "Habari");
    }
}
```

Import zote za REST zianze na `jakarta.ws.rs`. Maktaba ya zamani ikijipenyeza, `javax.ws.rs` itakompailika vizuri tu, lakini seva itazipuuza alama zake na utaambulia 404. Ukiondoa `jsonb-3.0`, seva haitajua kugeuza Map kuwa JSON, nayo itajibu 500.

Hatua ya 4: iwashe

```
mvn liberty:dev
```

Subiri mstari wa CWWKF0011I, unaosema seva iko tayari "to run a smarter planet". Ulio karibu nao, CWWKF0012I, unaorodhesha vipengele vilivyopakiwa kweli. Usome: utaiona CDI (kipengele kinachounda na kusimamia vitu vya klasi zako), ambayo hukuiandika, imevutwa na mpHealth. Kisha jaribu:

```
curl http://localhost:9080/api/salamu
```

Ukipata 404, angalia ni ipi. "Context Root Not Found" maana yake programu haijapanda kabisa, kwa hiyo rudi kwenye `location` na `contextRoot`. SRVE0190E maana yake programu imepanda ila njia haijulikani, kwa hiyo kagua `@ApplicationPath` na `@Path`. Ukijibiwa na programu nyingine, au usipojibiwa kabisa, tafuta CWWKO0221E: poti imeshikwa na programu nyingine. Hapo seva bado hutangaza kuwa iko tayari, na ndipo wengi hupotea.

Katika hali hii ya dev, ukihifadhi msimbo au server.xml, mabadiliko huingia bila kuwasha upya. Enter huendesha majaribio, `q` kisha Enter huzima, na poti 7777 ni ya kufuatilia hitilafu kutoka kwenye kihariri chako.

Hatua ya 5: afya ya huduma

Andika klasi inayotekeleza `HealthCheck`, uipe alama mbili: `@Readiness` na `@ApplicationScoped`. Ya pili husahaulika sana. `@Readiness` peke yake haitoshi kuifanya CDI iione klasi, hivyo ukaguzi wako hautaitwa na `/health/ready` itaendelea kusema UP hata hifadhidata ikiwa imelala.

Hatua ya 6: kontena

Endesha `mvn package`, kisha tumia Dockerfile hii:

```
FROM icr.io/appcafe/open-liberty:kernel-slim-java17-openj9-ubi
COPY --chown=1001:0 src/main/liberty/config/ /config/
RUN features.sh
COPY --chown=1001:0 target/salamu.war /config/apps/
RUN configure.sh
```

Taswira (image, kiolezo cha kontena) ya kernel-slim huja bila vipengele. `features.sh` husoma server.xml na kusakinisha vile ulivyotaja, kwa hiyo lazima itanguliwe na faili hilo. WAR inakuja baadaye makusudi: ukibadilisha msimbo tu, tabaka la vipengele halijengwi upya. `configure.sh` huandaa akiba ya klasi ya OpenJ9 (mashine pepe ya Java iliyo ndani ya taswira hii) ili seva iwake haraka zaidi. Na `--chown` ipo kwa sababu seva huendeshwa na mtumiaji 1001. Bila hiyo faili zinabaki mali ya root, na seva inaweza kukwama kwa kukosa ruhusa.