Namna ya Kutambua Ni Nani Anayeamua Maisha ya Mzee

Shida nyingi zinazompata mtu wa umri mkubwa huhesabiwa kuwa ni za uzee wenyewe, ilhali zikichunguzwa huonekana zimetokana na uamuzi wa mtu fulani, awe bungeni, ofisini au sebuleni. Maumivu ya magoti ni jambo la mwili. Dirisha la malipo kuwekwa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti ni jambo la madaraka. Mwongozo huu ni kwa mzee mwenyewe, au jamaa anayemsaidia, ili aweze kuyatenganisha mambo hayo mawili na kumfikia mwenye uamuzi.

Anza kwa kuorodhesha maamuzi badala ya matatizo. Chukua wiki ya kawaida ya mzee, uandike ni nani anayeshika kadi yake ya benki, nani anayemjibu daktari, nani aliyechagua chumba anacholala na nani anayekubali au kukataa wageni wake. Mbele ya kila jambo weka jina la mtu au la ofisi. Mara nyingi itaonekana kwamba mamlaka yenye nguvu zaidi ni yale ya nyumbani, na kwamba aliyeyachukua aliyachukua kwa nia njema. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa anayenyang'anywa kauli kwa upole huona haya kulalamika.

Kwa hiyo, mzee ambaye kumbukumbu zake zimeanza kupungua usiharakie kumtafutia msimamizi wa kuamua badala yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 12, unatambua kwamba watu wenye ulemavu, wakiwemo waliopungukiwa kumbukumbu kwa muda mrefu, wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na kwamba wajibu wa dola ni kuwapatia msaada wa kuutumia uwezo huo. Ikilazimu kuandika hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine kutenda kwa niaba ya mzee, iandikwe mapema, mzee akiwa na akili timamu, nayo itaje mambo yanayohusika tu, muda wake, mtu wa pili atakayepewa hesabu, na namna ya kuifuta. Hati inayompa mtu mmoja mamlaka juu ya kila kitu bila ukomo ni ya kuogopwa, hata kama mtu huyo ni mwana mpendwa.

Baada ya nyumba, fuata fedha. Umri wa kustaafu si sheria ya maumbile: Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzee mwaka 1889 iliweka miaka 70, na mwaka 1916 ikaishusha hadi 65. Uliza kwanza kama mzee alichangia mfuko wowote, kwani mifumo ya michango ilijengwa juu ya mshahara rasmi, na kwa sababu hiyo huwaacha mikono mitupu wanawake waliotumia miaka yao kulea, pamoja na vibarua na watumishi wa majumbani. Kama hakuchangia, ulizia pensheni isiyodai michango. Kama analipwa, ulizia kanuni ya kuipandisha pensheni bei zinapopanda. Pasipo kanuni hiyo, malipo hupungua thamani kila mwaka bila mbunge yeyote kuinua mkono. Na ikiwa mashine inakataa alama za vidole, ambazo hufifia kwa umri na kwa kazi za mikono, dai njia nyingine ya utambulisho.

Takwimu nazo ni madaraka. Tafiti za afya na idadi ya watu zinazofanywa katika nchi nyingi huwahoji kwa kawaida wanawake wa miaka 15 hadi 49, hivyo ukatili anaotendewa mwanamke wa miaka 70 hauonekani kwenye majedwali yanayogawa bajeti. Unapokutana na mpangaji wa huduma, mwombe takwimu zilizogawanywa kwa umri na jinsia, zisizowaweka wote waliozidi 60 katika kapu moja.

Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa viongozi wengi wana mvi, wazee wana nguvu ya kutosha. Sikubaliani nao. Mvi za mtawala hazimpi mjane maskini kauli yoyote. Mali na jinsia huamua mengi zaidi kuliko miaka.

Kuhusu sheria za kimataifa, Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa Wazee za mwaka 1991 hazina nguvu ya kulazimisha. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, ilianza kutumika mwaka 2024, na nchi za Amerika zina mkataba wao wa mwaka 2015. Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda kikundi cha kuandaa mkataba wa dunia nzima. Chunguza kama nchi yako imeridhia itifaki au mkataba wowote kati ya hiyo iliyokwisha kupitishwa. Kama bado, tegemea katiba.

Ukishamjua mwenye uamuzi, mwandikie barua yenye ombi moja tu, iliyotiwa saini au dole gumba na mzee mwenyewe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, kifungu walichokitumia, jina la ngazi ya rufaa na siku ya mwisho ya kuikata.