Mbegu Ziwe za Mwisho: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Bustani ya Nyumbani

Wengi wetu huanza bustani kwa pakiti ya mbegu. Picha ya nyanya nyekundu inavutia, na mkono unaingia mfukoni kabla kichwa hakijauliza zitapandwa wapi. Mimi nilianza vivyo hivyo. Nilipanda miche ya nyanya kando ya ukuta, karibu na mlango, mahali panapopendeza macho. Ikarefuka, ikalala, ikatoa majani tele na matunda ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikaongeza mbolea, nikapuliza dawa, kumbe kosa lilikuwa kivuli cha ukuta ule, kilichokuwa kikiifunika miche tangu saa saba mchana. Siku hizi mbegu ndicho kitu cha mwisho ninachonunua.

Cha kwanza, basi, ni jua. Chagua siku ambayo utashinda nyumbani, utoke uwanjani saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na kila mara uchore kwenye karatasi kivuli kimefika wapi. Mimea inayoliwa tunda, kama nyanya, biringanya, pilipili, bamia, tango na jamii ya maboga, hutaka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Mboga nyingi za majani huvumilia saa 3 au 4, na penye joto kali hunufaika na kivuli cha mchana. Jua nalo huhama kadiri majira yanavyobadilika: kona inayong'aa mwezi huu inaweza kumezwa na kivuli cha paa miezi minne ijayo, hasa kwa anayeishi mbali na ikweta. Mti mkubwa ni jirani mgumu zaidi ya ukuta, maana juu unaziba mwanga, na chini mizizi yake hupora maji hata nje ya eneo la matawi yake.

Baada ya jua, maji, na hapa ndipo bustani nyingi hufia. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mboga kwa kawaida huhitaji kama milimita 25 kwa wiki, na zaidi ya hapo wakati wa joto na upepo. Kwa hiyo tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linakunywa lita 100 katika wiki isiyo na mvua, yaani keni kumi za lita 10. Matuta matatu ni keni thelathini. Kabla hujachimba popote, jaza keni bombani uibebe mpaka mahali unapopafikiria, mara tano mfululizo. Mtu akiniuliza bustani yake iwe na ukubwa gani, humjibu kwa keni, si kwa mita. Kama unaweza kukinga maji ya paa, mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 50 za mraba huleta karibu lita 500, hata ukiondoa kidogo kinachopotea njiani. Pipa la kuyapokea liwe na kifuniko, mbu wasije wakahamia.

Udongo hauhitaji maabara ili uanze kuufahamu. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, itie udongo mpaka theluthi, ijaze maji, itikise kwa nguvu, kisha iache mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini hutua kwa saa chache, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Matabaka yatakayojipanga yatakuonyesha una nini. Kisha chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yakiisha lijaze tena na uangalie saa. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, uko salama. Yakilala humo hadi kesho, inua matuta, la sivyo mizizi itaoza. Parachichi hasa halisamehe maji yaliyotuama. Ukipata kipimo cha uchachu, mboga nyingi hustawi kati ya pH 6 na 7.

Jambo ambalo watu husahau ni historia ya mahali. Uliza palikuwa na nini zamani. Udongo ulio chini ya kuta za nyumba kongwe unaweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi yaliyobanduka na rangi za kale, na pale palipochomwa taka au kumwagwa mafuta ya gari si pa kupanda karoti. Ukiwa na shaka, panda kwenye makasha au ndoo zenye udongo ulioletwa kutoka mahali pengine. Mbao za makasha zisiwe mataruma ya reli wala mbao zilizolowekwa sumu ya kuzuia mchwa. Ndoo lazima itobolewe chini. Kwa mche mmoja wa nyanya, ya lita 20 inatosha vizuri, na hukauka upesi kuliko ardhi, kwa hiyo irudishe kwenye ile hesabu ya keni.

Samadi mbichi huunguza miche, huleta mbegu za magugu na inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka ichanganywe na udongo walau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa ardhi, na siku 90 kwa lisilogusa. Kwa hiyo mboji huandaliwa miezi kadhaa kabla ya kupanda. Changanya vitu vikavu, kama majani makavu na maboksi yaliyochanwa, na vitu vibichi vya jikoni. Vikavu viwe vingi zaidi. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa. Na kama unaletewa samadi usiyoijua, pima kwanza: ichanganye na udongo kwenye kopo, panda maharage matatu manne, subiri wiki tatu. Zipo dawa za kuua magugu zinazopita tumboni mwa ng'ombe bila kuisha nguvu, na maharage yatakuonyesha kwa majani yaliyojikunja.

Upana wa tuta usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani. Likiegemea ukuta, sentimita 60 zinatosha. Andaa pia matandazo mapema, majani makavu ya kutosha kufunika udongo kwa sentimita 5 hadi 8. Yatakupunguzia keni na palizi kwa pamoja, mradi yasigusane na shina. Zana si nyingi: jembe, reki, kijiko cha kupandia, kisu kikali na keni. Vingine vitanunuliwa haja ikijitokeza, na mara nyingi haijitokezi.

Sasa ndipo tunafika kwenye mimea. Panda kinacholiwa nyumbani kwako, maana nimewahi kukuza figili za kupendeza ambazo hakuna aliyezitaka. Figili hukomaa ndani ya mwezi, saladi huchukua mwezi mmoja na nusu hadi miwili, nyanya hutaka miezi miwili hadi mitatu baada ya kuhamishwa kitaluni. Usizipande mbegu zote za saladi siku moja. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wanaougua magonjwa yaleyale, hivyo usifuatanishe ndugu hao kwenye tuta moja. Gawa matuta tangu mwanzo ili jamii hiyo irudi mahali pake baada ya miaka mitatu. Mahali penye jalidi, jua kwanza tarehe ambayo baridi huisha kwenu. Miche ya nyanya haistahimili hata usiku mmoja wake.

Mbegu za zamani zijaribu kabla ya kuziamini: kunja kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki au mbili hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya tano, nunua nyingine. Za kitunguu hupoteza uhai haraka, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, ilhali za nyanya hudumu miaka minne na zaidi. Ukipanga kujitunzia mbegu, usinunue chotara, kwani kizazi chake cha pili hakifanani na mama.

Matunda yanadai uamuzi mzito zaidi, kwa kuwa mti haung'olewi ukahamishwa kama saladi. Mwembe au mparachichi ukiachiwa unaweza kupita mita 10 kwenda juu, kwa hiyo usiuweke karibu na ukuta, bomba wala shimo la maji taka. Nunua mche wa kubebesha, ule uliounganishwa na tawi la mti unaojulikana: huzaa katika miaka 3 au 4 hivi, wakati parachichi lililotokana na kokwa linaweza kukungojesha mara mbili ya hapo na likatoa tunda tofauti na ulilokula. Unapoupanda, mahali pa muunganiko pabaki juu ya udongo. Tofaa hutaka aina ya pili inayochanua wakati uleule jirani, bila hiyo huzaa kidogo au halizai. Papai mara nyingi huwa na miti dume na jike, basi panda mitatu kwenye shimo moja na upunguze ikishaonyesha maua. Huzaa kabla au karibu na mwaka kutimia, ndiyo maana mimi humshauri asiye na subira aanze nalo, akiwa mahali pasipo na baridi kali.

Wadudu watakuja, hilo si la kujadili. Vidukari na inzi weupe hukaa chini ya jani, kwa hiyo ratiba yako iwe na dakika kumi za asubuhi za kugeuza majani. Maboga na matango hutegemea nyuki kuhamisha chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Ukilazimika kupuliza chochote, hata cha mwarobaini, ngoja jioni nyuki wakishalala.

Limebaki moja, nalo huulizwa likiwa limechelewa: nani atamwagilia ukisafiri? Mtafute sasa, umwonyeshe bomba lilipo na matuta yenyewe, na umwachie keni ileile uliyofanyia hesabu, si ndoo yoyote atakayoiona.