SOMO: Jinsi ya kusoma utafiti wa saikolojia jamii bila kukariri majina ya dhana

Wengi wanaoanza saikolojia jamii wanakariri dhana kwanza, kufuata mkumbo ni hiki, utii ni kile, alafu wakipewa utafiti mmoja tu wauchambue wanachemka. Ushauri wangu geuza mpango. Anza na jaribio, jua nani alifanyiwa nini na kilipimwa nini, jina la dhana litakuja lenyewe.

Hatua ya 1: Jua somo linataka nini

Saikolojia jamii inaangalia mawazo, hisia na matendo ya mtu yanavyobadilika kwa ajili ya watu wengine, wawe wapo kweli au anawawaza tu kichwani. Ukiwa mwenyewe chumbani ukaandika ujumbe alafu ukaufuta kwa kuwaza watakuonaje, hiyo nayo imo. Haiulizi sana huyu mtu ana tabia gani, inauliza ni hali gani ingemfanya karibu mtu yeyote afanye hivi.

Hatua ya 2: Tafuta swali linalopimika

"Kwanini watu siku hizi hawana utu" sio swali la utafiti, ni malalamiko. Wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley waliuliza kitu chembamba zaidi: mtu akiona dalili ya hatari, je kuwepo kwa wengine kunabadilisha uwezekano wa yeye kuchukua hatua? Hilo unaweza kulipima. Jibu unalolitegemea kabla hujapima ndo nadharia tete.

Hatua ya 3: Chambua jaribio lenyewe (hapa msiwe na haraka)

Ilikuwa 1968. Mwanafunzi anaitwa, anakalishwa chumbani ajaze hojaji (karatasi ya maswali), baada ya muda moshi unaanza kuingia kupitia tundu ukutani. Wengine waliachwa peke yao. Wengine walikaa na watu wawili ambao kumbe ni wa mtafiti, wameagizwa wautazame moshi, wainue mabega, waendelee kuandika, na wakiulizwa wajibu tu "sijui". Waliokuwa peke yao 75% walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na wale wawili ni 10%, yani mmoja kati ya kumi! Wale tisa waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakafungua dirisha, wakapunga moshi usoni, na hojaji wakaendelea kujaza.

Sasa jiulize mambo matatu. Walibadilisha nini? Nani yuko chumbani, hicho ni kigeu huru. Walipima nini? Kama mtu ametoa taarifa na kwa muda gani, hicho ni kigeu tegemezi. Na nani aliamua uende kundi lipi? Hapa ndo roho ya jaribio, inabidi iamue bahati nasibu, maana wenye wasiwasi wote wakikaa peke yao na wapole wote wakae na wenzao hutajua tofauti imeletwa na nini.

Walipoulizwa baadaye, waliokaa kimya hawakusema waliogopa kuonekana wajinga, walisema walidhani ni mvuke au kitu cha kawaida tu. Kila mmoja anamsoma mwenzake, akimwona ametulia na yeye anatulia. Umeona dhana (kwa Kiingereza wanaiita pluralistic ignorance) ilivyokuja bila kukaririwa.

Hatua ya 4: Usidhani jaribio ndo njia pekee

Kuna kuangalia watu wakiwa kwenye shughuli zao, kuna hojaji, kuna mahojiano. Ila hojaji ina mtego wake. Mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke wa Kichina, ripoti yake ni ya 1934, walifika kwenye hoteli na migahawa 251 wakakataliwa mara 1 tu, lakini baadaye alipowaandikia kuuliza kama wanapokea Wachina, zaidi ya 90% ya waliojibu walisema hapana. Watu wengi wanamalizia hapo kwamba maneno na vitendo haviendani. Mimi naona tusikimbilie, aliyejibu barua si lazima awe ndo yule aliyewapokea mlangoni.

Hatua ya 5: Uliza maadili, alafu uliza kama imerudiwa

Kwenye jaribio la utii la Stanley Milgram (1963), watu waliagizwa wampige mwenzao shoti ya umeme, ambayo kumbe ilikuwa ya uongo, na wanaume 26 kati ya 40 walibonyeza mpaka volti 450 wakiamini wanamuumiza mtu. Siku hizi lazima kuwe na ridhaa, haki ya kujitoa, na kuelezwa ukweli mwishoni. Kuhusu kurudia, mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, zilizotoa tena matokeo ya maana kitakwimu (yani ambayo si rahisi yawe ya bahati tu) ni kama 36%. Kwahiyo utafiti mmoja usikupe kiburi.

MASWALI

Swali: Mwalimu, sampuli nasibu na kugawa makundi kwa bahati nasibu si kitu kimoja?

Jibu: Hapana ndugu, na mitihani inapenda sana kukamata watu hapo. Sampuli nasibu ni namna ya kuwapata watu, inakusaidia kusema matokeo yanawahusu na wengine ambao hukuwapima. Kugawa makundi kunakuja baada ya kuwapata, kunakusaidia kusema hiki kimesababisha kile. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Swali: Mkuu, utafiti wa Asch si umeshathibitisha binadamu ni bendera fuata upepo?

Jibu: Solomon Asch (1951) aliwaonyesha watu mistari wataje ipi inalingana kwa urefu, jibu lipo wazi kabisa, ila wengine waliokaa na mshiriki ni wa mtafiti na kwa makusudi wanataja jibu baya. Washiriki waliwafuata kwenye kama theluthi moja ya raundi za mtego, maana yake theluthi mbili ya majibu yalibaki sahihi, na kama robo ya watu hawakuyumba hata mara moja. Akipatikana mtu mwingine mmoja tu anayesema ukweli, kufuata mkumbo kunaporomoka. Kwangu hiyo ya mwisho ndo habari yenyewe.

Swali: Nimesoma wanaoshinda mitandaoni wana upweke zaidi, bas mitandao inaleta upweke?

Jibu: Huo ni uwiano tu, yani vitu viwili vinaenda pamoja. Inawezekana mpweke ndo anakimbilia mitandao, au kuna kitu cha tatu kama kukosa usingizi kinaleta vyote viwili. Rudi hatua ya 3, nani aligawa makundi? Kama hakuna, neno "inaleta" liweke pembeni.

Swali: Nataka kufanya kautafiti kadogo kuhusu kutegea kwenye kazi za kikundi, niwaambie washiriki napima nini?

Jibu: Ukiwaambia unapima kutegea hakuna atakayetegea. Waambie ukweli ambao hauwapi jibu, mfano "naangalia watu wanavyofanya kazi wakiwa wengi na wakiwa peke yao", wape fomu ya ridhaa wasaini, pata kibali cha msimamizi wako, na ukimaliza kaa nao uwaeleze yote, na anayetaka data zake zifutwe futa.