Kutega kamera juu ya mti: komba, kindi, perere na wenzao

Chukua kamera ya kutegea (inayojipiga yenyewe mnyama akipita) iliyozoea kunasa swala chini, ipandishe mtini bila kubadilisha kitu, nayo itakurudishia picha elfu mbili za majani. Si mbovu. Imeundwa kwa mnyama mkubwa anayepita hatua kadhaa mbele yake, juu ya ardhi iliyotulia. Juu ya mti mnyama ni mdogo, yuko karibu mno, na kila kitu kinayumba.

Hatua ya 1: Chagua tawi, usichague mti

Wanyama wa juu wana vichochoro vyao. Tafuta tawi au mmea utambaao unaounganisha miti miwili, hasa pale ambapo pande zote kuna pengo na njia imebaki hiyo moja. Tawi la unene wa mkono wa mtu, lililolala au kuinama kidogo, ndilo bora. Gome la njia inayotumika mara nyingi huwa limelainika kwa kucha na nyayo.

Kisha angalia chini. Maganda ya kokwa yenye alama za meno ni ya kindi au panya wa mitini. Perere (pimbi wa mitini) hurudia choo kilekile, kwa hiyo lundo la kinyesi kitakoni mwa mti ni dalili nzuri. Usiku pita na tochi ya kichwani: macho ya komba hurudisha mwanga wa rangi ya machungwa iliyokolea, na ukivumilia dakika chache utaona anashika njia ipi.

Tundu lenye watoto liache. Picha utaipata, lakini mama anaweza kuhama.

Hatua ya 2: Pima umbali kabla ya kufunga chochote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kamera nyingi za kutegea zina fokasi isiyobadilika, na kitu kilicho karibu kuliko mita 1.5 hutoka na ukungu. Ukipata mita 1.5 hadi 2 kati ya kamera na tawi, shukuru na uendelee. Mara nyingi hupati, kwa kuwa shina la kufungia liko nusu mita tu kutoka kwenye njia.

Dawa yake ni kipande cha lenzi ya miwani ya kusomea mbele ya lenzi ya kamera. Lenzi ya +1 huleta fokasi kwenye sentimita 75 hadi 100. Ya +2, sentimita 43 hadi 50. Ya +3, kama sentimita 30. Namba ndogo ni ya kamera iliyowekwa fokasi kwenye mita 3, kubwa ni ya iliyowekwa mbali kabisa. Kata kipande kidogo, kibandike kwa tone la gundi ya silikoni kila pembe, upate kukibandua baadaye. Kipande kisiguse kihisi cha joto, kile kinachoiamsha kamera: kioo na plastiki ngumu huzuia joto la mwili, na kihisi kilichofunikwa ni kipofu.

Kuna mtego mwingine. Kihisi kiko sentimita kadhaa chini ya lenzi. Kwa mita 5 tofauti hiyo haina maana. Kwa sentimita 40 kihisi kinaweza kuangalia chini ya tawi huku lenzi ikiangalia juu yake. Inamisha kamera mpaka vyote viwili vilenge gome lilelile.

Ukaribu huo pia huunguza picha za usiku, mnyama akatoka mweupe kama karatasi. Funika taa za infraredi, zinazomulika usiku, kwa tabaka mbili au tatu za tepu ya karatasi, au ziba nusu yake kwa tepu nyeusi ya umeme. Kama una uchaguzi, taa za nanomita 940 hazionyeshi wekundu na nguvu yake ndogo hapa ni faida. Zile za 850 hung'aa zaidi na huonekana kama kaa dogo jekundu.

Hatua ya 3: Elekeza kwa mshazari

Kihisi hakimwoni mnyama. Kinasoma tofauti ya joto kati yake na kilicho nyuma yake, tena tofauti hiyo lazima isogee. Ukiangalia tawi kwa urefu, mnyama anakujia usoni na kihisi kinachelewa. Ukiangalia kwa upana, anapita haraka: kindi anayekimbia mita 2 kwa sekunde huvuka fremu ya sentimita 70 kwa sekunde 0.35, na kamera inayochukua nusu sekunde kuamka itapiga mkia au tawi tupu. Nyuzi 45 hivi ndizo zinazoleta picha.

Nyuma ya tawi pawe na shina lenye kivuli au uwazi wa mbali. Majani yaliyopigwa na jua ni adui. Usiielekeze kamera mashariki wala magharibi. Na hewa ikipita nyuzi 30 za Selsiasi, tarajia kuwakosa kindi wengi wa mchana, maana manyoya yao na gome vinakaribia joto moja.

Hatua ya 4: Funga

Funga kamera kwenye mti uleule wenye tawi unalolilenga. Upepo ukija, vyote viwili huyumba pamoja na tawi halihami kwenye fremu. Tumia mikanda miwili, mmoja juu na mmoja chini, na kabari ya mti nyuma ya kamera ili kupata mwinamo. Usipige misumari. Punguza vitawi vilivyo ndani ya mita moja mbele ya lenzi, ila usikate kile ambacho mnyama anakanyagia.

Zaidi ya mita 3, ngazi haitoshi. Hapo ni kamba ya kukwea ya milimita 10 au 11, mkanda wa mwili, kofia ngumu, na mtu wa pili chini. Asiyefunzwa amtafute aliyefunzwa. Kabla ya kupanda, kagua matawi makavu na mizinga ya nyigu kwa darubini. Kamera ipandishwe kwa kamba yake baada ya mkweaji kujifunga.

Hatua ya 5: Mipangilio

Picha tatu mfululizo, muda wa kusubiri sufuri au sekunde chache, saa ya mfumo wa 24. Wepesi wa kihisi uwe juu kwenye joto, wa kati penye upepo. Betri za lithiamu, zote za aina na umri mmoja. Betri moja iliyochoka huzivuta nyingine chini, na dalili yake ni picha za mchana safi na za usiku nyeusi. Kadi ya kumbukumbu iumbizwe (ifomatiwe) ndani ya kamera yenyewe. Weka vipakiti viwili vya silika, punje zinazonyonya unyevu, ndani ya kasha.

Hatua ya 6: Jaribu kwa chupa

Kupunga mkono hakuthibitishi kitu, mkono ni mkubwa. Jaza chupa ya nusu lita kwa maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hivi, ifunge uzi na iburute polepole juu ya tawi mara kumi. Isiponaswa angalau mara nane, sogeza kamera. Chupa hiyo, isiyo na manyoya, ina joto zaidi kwa nje kuliko mnyama mwenye manyoya, hivyo ikikosa chupa, itamkosa komba pia. Piga na picha moja ya rula iliyolazwa kwenye gome: itakusaidia kupima mwili na mkia wakati spishi mbili zinafanana.

Chambo? Ndizi huwaita sisimizi kabla ya komba. Na kama unataka kujua wanyama hupita mara ngapi, chambo kinakupa jibu la uongo.

Hatua ya 7: Rudi mapema

Ziara ya kwanza iwe baada ya siku 3 hadi 5, zinazofuata kila wiki mbili hadi nne. Picha tupu za mchana tu ni jua na majani. Picha tupu za usiku uliotulia ni mnyama aliyepita kabla kamera haijapiga: geuza kamera aonekane mapema zaidi. Weupe wa nyuzi-nyuzi ni utando wa buibui karibu na lenzi. Kamera isiyopiga kabisa, ifungue taratibu, kwani sisimizi hupenda kutaga ndani ya kasha. Kabla ya kushuka, legeza mikanda tundu moja. Shina hunenepa, na mkanda uliosahauliwa msimu mzima hukata gome.