Kumpa zimwi ngazi za fani: somo kwa waongoza mchezo

Somo hili linafuata kanuni za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2003, kwa kuwa zinaeleza kwa uwazi jinsi dubwana anavyoweza kupewa ngazi za fani (yaani hatua za ujuzi kama wa mpiganaji au mchawi) kama mhusika wa mchezaji. Mfano wetu ni zimwi wa kawaida mwenye rungu: ana dadu 4 za uhai za pande 8, pointi 29 za uhai na kiwango cha ugumu (kipimo cha hatari yake kwa wachezaji) cha 3. Tutampa ngazi 2 za barbariani, fani ya mpiganaji mwenye hasira.

Hatua ya kwanza ni kuchagua fani, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Fani inayokuza kile ambacho dubwana anakifanya tayari huongeza kiwango cha ugumu kwa 1 kila ngazi. Fani isiyoendana naye huongeza nusu tu, hadi ngazi zake zilingane na dadu za uhai alizokuwa nazo mwanzoni. Zikizidi hapo, kila ngazi huhesabiwa 1 kamili. Zimwi hupigana kwa misuli, na barbariani vilevile, kwa hiyo wetu anapanda kutoka 3 hadi 5.

Hatua ya pili ni alama za uwezo, ambayo husahaulika mno. Dubwana wa kitabuni amejengwa juu ya alama za 10 na 11, lakini mwenye ngazi za fani hupewa 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kisha huongezewa au hupunguziwa kulingana na jamii yake. Mazimwi huongezewa 10 katika nguvu na 4 katika ustahimilivu, nao hupunguziwa 2 katika wepesi na 4 katika akili na haiba. Nimepanga hivi: nguvu 25, ustahimilivu 18, wepesi 11, busara 12, akili 6, haiba 4.

Hatua ya tatu ni kujumlisha. Bonasi ya msingi ya shambulio ni 3 ya zimwi na 2 ya barbariani, yaani 5. Ukiongeza 7 inayotokana na alama 25 za nguvu na 1 ya umahiri wa rungu, kisha ukatoa 1 kwa ukubwa wa mwili, unapata 12. Rungu linaumiza kwa dadu 2 za pande 8 na nyongeza ya 10. Kwa uhai, jumlisha wastani wa dadu 4 za pande 8 na dadu 2 za pande 12, weka 4 zinazotokana na ustahimilivu wa 18 kwa kila dadu na 3 za kipaji chake cha ukakamavu: jumla ni 58. Dadu ya ngazi ya kwanza ya fani haihesabiwi kwa ukamilifu, kwa sababu zimwi ana dadu zake za asili.

Mwisho, mpe kipaji kimoja kipya, kwa kuwa amefikisha dadu 6, pamoja na hamaki, yaani hasira ya vita ya barbariani, mara moja kwa siku. Akihamaki, shambulio hufika 14 na uhai huongezeka kwa 12, ila ulinzi wake hupungua kwa 2.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, naweza kumfanya zimwi awe mchawi?*

Unaweza, ndugu yangu, na ngazi 4 zitaongeza ugumu kwa 2 tu. Lakini hata ukimpa 15 katika haiba, alama inayobeba uchawi wake, ataanza na 11, na alama hiyo haimruhusu kupiga uchawi uliopita daraja la kwanza. Niliwahi kumleta mezani zimwi wa namna hiyo, akaangushwa kabla ya zamu yake ya pili. Tangu siku hiyo sikubali fani ambayo dubwana hana alama za kuibeba.

*Goblini je, naye hubaki na dadu yake?*

Hapana. Jamii za watu zenye dadu 1 ya uhai huiacha na kushika za fani, hivyo goblini mwenye ngazi 3 za ujambazi ana kiwango cha ugumu cha 3.

*Sisi tunacheza toleo la tano la mwaka 2014. Hesabu ni hizi hizi?*

Sivyo. Huko kila ngazi humpa dubwana dadu ya uhai kwa kufuata ukubwa wa mwili wake, ambayo kwa zimwi ni ya pande 10, wala si dadu ya fani. Bonasi ya umahiri hufuata kiwango cha ugumu, nacho hukokotolewa upya kutokana na ulinzi na mashambulizi yake baada ya kazi yote kukamilika.