Msongo wa mawazo unapozuia uzito kushuka

Msongo ukidumu, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi. Hamu ya vitu vitamu hupanda, usingizi hukatika, na mafuta hujikusanya zaidi tumboni. Mwili unaweza pia kushika maji, mizani ikasimama ilhali mafuta yanapungua. Hapo ndipo wengi hukata chakula zaidi, na ni kosa: njaa kali huongeza msongo, halafu usiku mtu anafakamia.

Anza na usingizi wa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Chai na kahawa ziishe saa 8 mchana. Asubuhi kula mayai 2 au maharage, si chai ya sukari na maandazi peke yake. Tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Hamu ikikushika ghafla, vuta pumzi sekunde 4, itoe kwa 6, kwa dakika 5. Njaa ya kweli itabaki. Ya msongo mara nyingi hupoa.

Jipime asubuhi baada ya haja, ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki. Kiuno kipime kwa utepe wa fundi cherehani.

Ukiona michirizi ya zambarau tumboni na uso umejaa, huenda kotisoli imezidi mno; muone daktari. Kama unatumia prednisolone, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, usiiache ghafla.